Kuukaribisha Mwaka Mpya kwa Desturi za Kiskoti: Mwongozo wa Hogmanay

Mtu aliyepita Edinburgh mwishoni mwa Desemba atakusimulia fataki juu ya ngome na umati uliojaa Princes Street. Vipo kweli, lakini tamasha lile la barabarani limeanza mwaka 1993 tu, na upepo ukizidi hufutwa, kama ilivyotokea usiku wa kuamkia mwaka 2025. Hogmanay yenyewe, yaani siku ya 31 Desemba na mkesha wake, ni kongwe zaidi ya hapo na ni shughuli ya nyumbani: usafi, madeni, mlango, na mtu atakayekuwa wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku. Hayo upepo hauyafuti.

Mwongozo huu nimewaandikia kwanza ndugu zetu walioko Glasgow, Aberdeen, Dundee na kwingineko Uskoti, wanaoalikwa na majirani wasijue wabebe nini. Utamfaa pia anayepanga safari, na hata aliye Arusha au Nairobi mwenye rafiki Mskoti anayeikumbuka kwao.

Jambo moja la historia kwanza, maana bila hilo hutaelewa kwa nini watu hawa wanaupa mwaka mpya uzito kiasi hiki. Kanisa la Uskoti lililotokana na Matengenezo ya karne ya 16 liliiona Krismasi kuwa ni mabaki ya Ukatoliki yasiyo na msingi katika Biblia. Mwaka 1640 Bunge la Uskoti likayafuta mapumziko yake. Sheria zililegea baadaye, ila mazoea hayakurudi: hadi 1958, ilipofanywa sikukuu ya mapumziko, 25 Desemba ilikuwa siku ya kazi kwa Waskoti wengi. Wapo wazee hai leo ambao baba zao walikwenda kiwandani siku ya Krismasi kama siku nyingine yoyote. Kwa hiyo kula, kunywa na kutembeleana kote kukasogezwa wiki moja mbele. Ndiyo sababu mpaka sasa 2 Januari ni mapumziko Uskoti, wakati England watu wanarudi kazini.

Wiki chache kabla: jikoni

Vyakula viwili ndivyo vinavyobebwa kwenda kwa watu usiku huo. Cha kwanza ni black bun, ambayo ukiiita keki utakuwa umeipamba. Ni shehena ya zabibu kavu na lozi, iliyotiwa tangawizi, mdalasini na pilipili manga, ikafungwa ndani ya ganda la unga na siagi kisha ikaokwa. Ikiliwa ikiwa mpya, viungo huwa havijakolea. Huachwa ndani ya kopo lililofungwa vizuri wiki tatu au zaidi. Wengi huitia wiski au brandi. Asiyetumia pombe atie chai ya rangi iliyokolea, aihifadhi mahali pa baridi na asiiweke kwa muda mrefu hivyo. Kusema kweli kipande chembamba kimoja kinatosha mtu mzima, na vijana wengi wa Kiskoti hawaigusi. Kama Novemba imeisha hujaanza, nunua dukani au achana nayo.

Cha pili ndicho ninachokushauri ukitengeneze mwenyewe: shortbread, biskuti ya siagi. Kipimo chake hakisahauliki, ni moja, mbili, tatu: sukari laini gramu 100, siagi gramu 200, unga wa ngano gramu 300. Siagi iwe ya maziwa kweli, si ile majarini ya kopo tuliyozoea kupaka kwenye mkate, kwa sababu humu hamna yai, hamna vanila, hamna cha kuficha siagi mbaya. Wapishi wa zamani hupunguza gramu 50 hadi 100 za ngano na kuweka unga wa mchele badala yake, ule tunaopikia vibibi. Huo ndio unaoifanya biskuti ivunjike kwa chengachenga mdomoni, na mwanamke wa Kiswahili anao kabatini tayari.

Piga siagi na sukari kwa mwiko hadi zilainike. Mimina unga, ufikiche kwa ncha za vidole hadi ushikane, halafu ubonyeze kuwa donge moja. Usikande. Mkono uliozoea chapati utataka kukanda, uzuie, la sivyo utapata kitu cha kuvunja meno. Tandaza donge kwenye sinia la kuokea la mviringo lenye upana wa sentimita 20 hadi 23, finya kingo zake kwa vidole, toboa kote kwa uma, na uchore kwa kisu mistari ya vipande vinane. Oka kwa nyuzi 160 kwa dakika 40 hadi 50. Itoke ikiwa na rangi hafifu ya dhahabu. Ikigeuka kahawia imeshaungua kwa viwango vyao. Pitisha kisu kwenye mistari ingali moto, uiache ipoe humohumo ndani ya sinia. Ukiitoa mapema inakatika ovyo.

Siku chache kabla: bucha na dukani

Mlo wa 1 Januari ni pai ya nyama ya ng'ombe: nyama iliyochemshwa taratibu katika mchuzi mzito, juu yake ganda lililoumuka. Familia nyingi hawaipiki, wanaiagiza kwa bucha wao, na asubuhi ya tarehe 31 utaona foleni imetoka mpaka nje kwenye baridi. Agiza wiki moja kabla. Bucha za halali zipo Glasgow na Edinburgh, lakini uliza mapema kama wanatengeneza pai au itabidi ununue nyama ukapike mwenyewe.

Anayenunua wiski kwa ajili ya wenyeji wake ajue kwamba maduka Uskoti yanaruhusiwa kuuza pombe kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nne usiku tu. Ikifika saa nne na dakika moja, hata ulie, mwenye duka hakuuzii. Na dereva akumbuke kuwa tangu Desemba 2014 kiwango cha pombe kinachoruhusiwa barabarani Uskoti ni miligramu 50 katika mililita 100 za damu, wakati England ni 80. Glasi moja ya ukarimu inaweza kukufikisha hapo, na kesho yake asubuhi bado ikawa damuni. Treni nazo huacha kufanya kazi mapema jioni ya tarehe 31, na tarehe 1 huwa chache mno. Panga mahali pa kulala kabla hujapanga nguo ya kuvaa.

Mchana wa tarehe 31: nyumba na madeni

Mwaka haupokelewi katika nyumba chafu. Siku hiyo jua la Edinburgh huzama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo usafi uanze asubuhi. Fagia, piga deki, badilisha mashuka, toa taka zote nje zisilale ndani. Penye meko ya kuota moto, hapo ndipo penye shughuli kubwa: majivu yote ya mwaka unaoisha yakwanguliwe na kutupwa, na moto mpya upangwe. Zamani walikuwepo wanawake waliojua kuyasoma majivu hayo ya mwisho na kutabiri mwaka utakavyokuwa. Asiye na meko asafishe jiko la gesi, hakuna atakayemlaumu.

Baada ya usafi, madeni. Dawa ya deni ni kulipa, na kwa Mskoti wa jadi dawa hiyo hunywewa kabla ya saa sita usiku. Rudisha sufuria ya jirani, rudisha kitabu, tuma ile hela ya mchango uliyoahidi tangu Oktoba. Kilichochanika kishonwe. Mimi sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko fataki zote, kwa vile inawalazimisha watu waliokuwa wakikwepana kukutana ana kwa ana.

Tahadhari ya ulimi: usimpe mtu heri ya mwaka mpya kabla haujaingia. Wazee wanaona ni kuita mkosi. Sikiliza wanavyoagana madukani mchana huo. Wanatakiana kila la heri "utakapofika". Nawe sema hivyohivyo.

Kumpata mguu wa kwanza

Hapa ndipo penye kiini cha usiku wote. Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti chako baada ya saa sita ndiye anayeubebea mwaka wako neema au nuksi. Kwa hiyo jambo hili haliachiwi bahati. Mtu huyo hutafutwa, huombwa, na wengine hupatana naye wiki nzima kabla.

Sifa zake zinajulikana. Awe mwanamume, mrefu, mwenye nywele nyeusi, na asiwe miongoni mwa waliokuwa ndani saa ilipogonga. Mwenye nywele za rangi ya dhahabu hatakiwi, na husemwa kwamba hiyo ni kumbukumbu ya Waviking: mgeni wa namna hiyo alipobisha hodi usiku, hakuja na biskuti. Mwenye nywele nyekundu ni mkosi pia, jambo la ajabu kwa nchi yenye nywele nyekundu kila kona. Orodha za zamani zinawakataa hata wenye nyayo bapa na wenye nyusi zilizokutana. Wanawake nao walihesabiwa kuwa nuksi. Siku hizi nyumba nyingi hazijali tena, nami sioni sababu ya wewe kujali. Lakini ukiwa mwanamke na umealikwa kwa bibi wa miaka tisini, tanguliza kaka yako mlangoni uepushe mjadala.

Sasa ndugu yangu, hebu jitazame kwenye kioo. Nywele nyeusi unazo. Ukiwa mrefu pia, umekamilika, na majirani watakuwa wameshakuona. Namjua kijana mmoja wa Tanga, kimo chake anainama akiingia kwenye basi, anayeishi katika moja ya yale majengo ya mawe ya Glasgow ambamo kaya nane hutumia ngazi moja. Mzee wa ghorofa ya chini humvizia tangu mapema Desemba: "Mwanangu, usije ukapanda kwa wale wa juu kabla hujapita kwangu." Mwaka mmoja kijana alinyoa kipara, mzee akamtolea kofia nyeusi ya sufi avae kabla ya kugonga.

Jambo hili linagusa nywele, na Waskoti walikuwa wakichaguana hivyo wao kwa wao kabla hatujafika. Mara nyingi kuombwa ni heshima. Ukihisi mahali fulani unafanywa kichekesho cha wageni wengine, una haki ya kukataa kwa upole, hukuajiriwa.

Nyumba ikikosa mtu wa nje, mtoeni mmoja wenu mwenye nywele nyeusi dakika chache kabla ya saa sita, afungiwe nje, kisha abishe hodi. Inakubalika na hufanywa sana. Mpeni koti zito, na msimsahau huko kwa sababu ya nyimbo.

Cha kubeba mkononi

Mkono mtupu haulambwi, na usiku huu hasa. Anayeingia bila kitu ameuletea mwaka ukata. Vitu vya jadi ni hivi: kaa la mawe, ili nyumba isikose joto, biskuti ya siagi au kipande cha black bun, ili isikose chakula, chumvi kidogo, ili isikose ladha, sarafu, ili isikose kipato, na wiski, kwa ajili ya furaha ya waliomo. Si lazima vyote. Kaa na biskuti vinatosha kumfanya mwenyeji atabasamu.

Kaa la mawe linasumbua siku hizi kwa kuwa nyumba nyingi zinapashwa joto kwa gesi. Ombeni kipande kimoja kwa mwenye meko, kiviringisheni kwenye karatasi safi na kukifunga utepe, kisije kikachafua zulia jeupe la mtu. Kipande cha mkaa wa kuchomea nyama nimeona kikipokelewa bila yeyote kununa. Dundee na vijiji vya wavuvi wa pwani ya mashariki wana lao: samaki aina ya hering, aliyekaushwa na kuvalishwa gauni la karatasi za rangi kama mwanasesere. Anachekesha, lakini ananuka vilevile.

Saa sita kamili

Dakika za mwisho watu wote husimama. Kengele zikianza, mwenye nyumba afungue mlango wa nyuma mwaka wa zamani utoke, kisha afungue wa mbele mpya uingie. Anayeishi ghorofani na mlango mmoja afungue dirisha la upande wa pili. Ukiwa karibu na bandari utasikia meli zikipiga honi kwa pamoja. Wengine hutoka nje wakagonga masufuria. Sasa ndipo mpeane mikono na kutakiana heri.

Halafu wimbo. Maneno ya Auld Lang Syne yaliandikwa na mshairi Robert Burns mwaka 1788 akitumia mashairi ya zamani yaliyokuwa yakiimbwa, na leo yanaimbwa dunia nzima, tena kwa makosa. Neno la mwisho tamka "sain", usitamke "zain". Na mikono: simameni duara, mshikane mikono kawaida, mikono ikiwa pembeni. Msipishanishe mikono kifuani tangu mwanzo kama wanavyofanya kwenye televisheni. Hufanywa katika ubeti wa mwisho tu, ule unaotaja kupeana mkono: hapo kila mmoja apeleke mkono wa kulia kwa aliye kushoto kwake na wa kushoto kwa aliye kulia, na wimbo ukiisha wote mkimbilie katikati ya duara. Jifunze kiitikio na ubeti wa kwanza tu. Waskoti wenyewe beti za kati wanazipita wakiguna.

Mlangoni

Mguu wa kwanza agonge mlango wa mbele na asubiri. Hata kama mlango uko wazi, asijiingize. Mwenye nyumba ndiye wa kumkaribisha. Akishavuka, anatoa alivyobeba. Kaa linatiwa motoni kama moto upo, au linawekwa juu ya meko hata kama ni pambo tu. Wakati huo atamke maneno yake: "Lang may yer lum reek." Tamka "lang mei ya lam rik". Maana yake ni kuomba dohani la nyumba hiyo litoe moshi siku nyingi. Usiogope lafudhi yako, ukijaribu tu watakupigia makofi.

Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa inatendwa hadharani: aliyeleta anaombea nyumba, na nyumba haimwachi aondoke bila kula na kunywa. Mgeni humwagia mwenyeji kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, mwenyeji naye humwagia mgeni kutoka ya nyumbani. Asiyekunywa pombe aseme mara moja bila kujieleza sana. Kipo kinywaji cha tangawizi kinachotengenezwa nyumbani kwa ajili ya watoto na wasiokunywa, nao hukiita mvinyo wa tangawizi. Lakini uliza kwanza, kwa sababu chupa nyingine za dukani zenye jina hilo zina kilevi. Chai pia inatosha. Kinachoumiza ni kukataa kila kitu. Kula hata kipande cha biskuti.

Ukimaliza hapo, unahamia kwa jirani, na hivyo hivyo nyumba hadi nyumba. Vijijini ziara hizi zilikuwa zikifika alfajiri. Mijini zimepungua, na watu wengi hubaki mbele ya televisheni. Kanuni ya adabu ni moja: dirisha lenye taa na sauti za watu, gonga. Dirisha lenye giza, pita.

Tarehe 1 asubuhi: kufukiza, pai na bahari

Katika nyanda za juu za kaskazini ilikuwepo desturi ambayo mtu wa pwani ya Zanzibar au Lamu ataielewa bila mkalimani: kuifukiza nyumba. Maji yalichotwa kwenye kivuko cha mto kinachovukwa na walio hai na majeneza pia, yakanyunyizwa katika vyumba, vitandani na juu ya watu. Kisha milango, madirisha na hata nyufa vikazibwa, na matawi makavu ya mreteni yakawashwa na kuzungushwa ndani ya nyumba na zizini hadi binadamu na ng'ombe wote wakaanza kukohoa. Ndipo madirisha yakafunguliwa, wiski ikapitishwa, na watu wakaketi kula. Mreteni ni ndugu wa mtarakwa, ule unaoota katika milima ya Kenya, kwa hiyo aliyewahi kukaa karibu na moto wa mtarakwa anaijua harufu yenyewe.

Ukitaka kujaribu, fanya kwa kiasi. Usikate mreteni porini, umepungua sana Uskoti. Tafuta tawi kavu kwa anayeuza au anayeupanda bustanini. Choma vijiti vichache kwenye chetezo au bakuli la chuma, dirisha likiwa wazi. Sheria ya Uskoti tangu Februari 2022 inataka ving'ora vya moshi vya nyumba viunganishwe, maana yake kimoja kikishtuka sebuleni, vyote vinalia hadi chumbani alikolala aliyerudi saa kumi na moja alfajiri. Usivifunike na usivitoe betri. Punguza moshi.

Mchana ni wa pai, pamoja na viazi na karoti, na jamaa wote mezani. Hakuna la kufundisha hapo, kula.

Wenye moyo mgumu huenda South Queensferry, chini ya daraja kubwa jekundu la treni, kujitosa katika maji ya ghuba ya Forth wakiwa wamevaa mavazi ya kuchekesha. Mchezo huo ulianza miaka ya 1980 kama mzaha wa kutibu ulevi wa jana. Maji ya Januari huko ni nyuzi 6 au 7 hivi, na mwili uliozoea Bahari ya Hindi unaweza kushtuka pumzi ikakatika. Mwenye shida ya moyo au aliyelewa abaki ufukweni ashike mataulo. Kazi hiyo nayo inahitaji mtu.

Kwa wanaotaka kuona moto

Ukiamua kutoka nje usiku wa tarehe 31, ushauri wangu ni kuiacha Edinburgh na tiketi zake ukatafute miji midogo.

Stonehaven, mji wa bandari kusini ya Aberdeen, ndio wa kwanza kwenye orodha yangu. Saa sita ikigonga, wapiga zumari hutangulia katika High Street, nyuma yao wanakuja watu arobaini hivi, wake kwa waume, kila mmoja akizungusha juu ya kichwa chake mpira wa moto. Mpira huo ni kikapu cha waya kilichojazwa vitambaa, kuni na makaa yaliyolowekwa mafuta ya taa, ukining'inia kwenye waya mrefu. Ukisimama karibu unasikia kila mzunguko ukivuma kabla ya kuuhisi joto lake usoni. Mwisho wake mipira hurushwa bandarini, ikazimika majini. Fika mapema, barabara ni nyembamba. Vaa koti kuukuu la pamba au sufi, cheche zinatoboa nailoni.

Comrie, kijiji cha Perthshire, wana mienge: magogo marefu ya miti, vichwa vyake vimefungwa magunia yaliyolowekwa mafuta. Huwashwa saa sita, hubebwa mabegani kuzunguka kijiji, na kutupwa katika mto Earn. Kirkwall, visiwa vya Orkney, hawana moto lakini wana mpira wa mitaani wa tarehe 1 mchana, nusu ya mji dhidi ya nusu nyingine, mamia ya wanaume katika msongamano mmoja, na wenye maduka wakiwa wamepigilia mbao madirishani tangu jana yake.

Aliyekosa yote hayo bado ana nafasi. Mwaka 1752 Uingereza ilipobadilisha kalenda, siku 11 ziliruka, na kijiji cha Burghead kwenye pwani ya Moray hakikuiacha tarehe yake ya zamani. Huko mwaka mpya huingia 11 Januari. Jioni hiyo pipa lililokatwa, lililopigiliwa kwenye mti na kujazwa vipande vya mbao na lami, huwashwa na kubebwa kichwani kwa zamu kuzunguka kijiji, likipita kwenye baadhi ya nyumba na kuacha kipande kinachofuka moshi mlangoni kwa ajili ya neema. Mwishowe hupandishwa Doorie Hill, kwenye mabaki ya ngome ya Wapikti, watu wa kale wa Uskoti, na huko ndiko linakoachwa liwake kwa nguvu zake zote. Vipande vya mkaa vinavyobaki hugombaniwa na kuwekwa nyumbani mwaka mzima. Treni haifiki Burghead. Shuka Elgin uchukue basi, hakikisha unajua basi la mwisho la kurudi ni saa ngapi, na kilimani simama upande unakotokea upepo, kwa sababu lami ikishika moto hurusha matone mbali.